Sifa Nilizoziogopa

Mwanangu Skola,

Umelala tayari, nasikia unavyohema huko chumbani, na begi lako liko mlangoni limefungwa kamba kana kwamba lina mbuzi ndani. Sitakuandikia habari za sabuni, za kuchemsha maji, wala za wavulana wa Tabora. Hayo shangazi yako ameyasema wiki nzima mpaka na mimi nimeyakariri. Lori la mpunga litatupitia alfajiri litufikishe Mpanda stesheni, na huko kutakuwa na watu na kelele, na mimi mbele za watu unanijua, huwa gogo. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii nitaipenyeza katikati ya kanga zako, uikute ukishafika chuoni.

Nataka kukueleza kosa langu moja. Ni kosa la hesabu, na mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo una ruhusa ya kucheka. Ila lilinigharimu kaka yako, na nusura linigharimu na wewe. Ukimaliza kucheka, endelea kusoma.

Deusi alipokuwa darasa la tatu, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Muhula mmoja akaja amekuwa wa kwanza darasani. Nilifurahi mpaka nikampandisha kwenye baiskeli tukazunguka kijiji kizima, nasimama kila mlango nasema, "Huyu hapa, wa kwanza!" Mama yako alicheka akaniambia, "Baba Deusi, utampasua mtoto kichwa." Muhula uliofuata Deusi akaporomoka mpaka katikati ya darasa. Nikajisemea, hiyo ndiyo kazi ya sifa, nimemlevya mwenyewe. Nikamchapa. Muhula wa tatu akapanda tena.

Basi nikawa nimejua. Ukimsifia anashuka, ukimchapa anapanda. Nilianza kuangalia na darasani, nikakuta mambo ni yale yale. Mtoto aliyepata vizuri nikampongeza, jaribio linalofuata amepungua. Aliyepata vibaya nikamwita mbele akapata zake, jaribio linalofuata ameongezeka. Mwaka huu hivyo, mwaka ujao hivyo hivyo. Ungekuwa wewe usingeamini? Mimi sikuwa mtu wa kudanganywa na maneno ya mtaani, Skola. Niliamini macho yangu, na macho yangu yalikuwa yanaona sawasawa kabisa. Kilichokuwa kibovu ni maelezo niliyojipa.

Nikaacha kusifia. Mwanzoni niliacha kwa kujilazimisha, baadaye ikawa tabia, mwisho ikawa ndiyo sura yangu. Mama yako ndiye aliyekuwa akiniziba pengo. Ukileta kitu kizuri, au Deusi akileta, mimi naguna tu, halafu nasikia yeye anawaambia jikoni, "Baba yenu amefurahi sana. Amesema nyie ni watoto wazuri, ila ameshikwa na haya." Sikuwahi kusema. Nilikaa sebuleni nikimsikia ananisemea uongo, na nikanyamaza kwa sababu uongo ule ulinifaa. Alipofariki, wewe ndiyo kwanza umeanza shule, hakukuwa tena na mtu wa kunisemea. Nadhani nyie wawili mlifikiri kwamba pamoja na mama yenu, na upendo wa baba yenu ulizikwa siku ile. Sikujua la kufanya. Nikaendelea kuguna.

Deusi alimaliza darasa la saba asichaguliwe kwenda sekondari. Akaingia porini nasi, mimi na Kasiano, baba yako mdogo wa nyuki, maana sisi wawili tulikuwa tukitundika mizinga pamoja tangu kabla hujazaliwa. Mwaka wa pili Deusi akasema atachonga mzinga wake mwenyewe. Alikata gogo la mninga, akalipasua, akalichonga masika yote chini ya upenu, mikono imejaa malengelenge. Siku alipoumaliza akaubeba kichwani mpaka mlangoni, akautua, jasho linamtiririka. "Baba," akasema, "tazama."

Kasiano akauzunguka. Akaugonga kwa ngumi, akasikiliza. Akasema, "Mwalimu, kumbe miaka yote hii sisi tulikuwa tunachonga vinu."

Na mimi niliona hivyo hivyo. Ulikuwa mzinga mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona katika msitu huu, umenyooka, mbavu zake nyembamba, vipande viwili vinafungana huoni mwanga katikati. Nikainama nikaangalia tundu la kuingilia nyuki. Nikasema, "Tundu kubwa. Siafu wataingia." Halafu nikaenda kunawa mikono.

Naomba uniamini kwamba nilisema vile kwa mapenzi. Niliogopa nikimsifia huo, wa pili ataulipua. Nilipogeuka kutoka kwenye maji nikamwona bado amesimama pale pale anautazama ule mzinga, anajaribu kuona kile nilichokiona mimi. Wa pili hakuuchonga.

Ulikuwa ule mwaka ambao redio zote zilikuwa zinazungumza habari za vyama vingi, na vijana wetu hawakuwa na habari na vyama, walikuwa na habari na machimbo ya dhahabu. Ukitaka kujua machimbo yanalipa ulikwenda tu stesheni siku ya treni. Anashuka mmoja na redio kaseti begani. Anashuka mwingine na baiskeli mpya bado ina makaratasi. Wa tatu amevaa miwani ya jua na ni usiku. Deusi aliwatazama, akaja akaniambia, "Baba, kila anayekwenda anapata."

Sikuona kasoro katika sentensi ile. Mwalimu wa hesabu mzima! Nilikuwa na kazi moja tu ya kuuliza, kwamba hao tunaowaona ni wangapi kati ya waliokwenda, na wengine wako wapi. Sikuuliza. Yeye alikuwa amesimama anasubiri nimwambie kitu, na mimi nikatafuta neno la kumkaza asije akalegea huko aendako. Nikasema, "Nenda, ila usije ukanitia aibu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyompa mwanangu wa kwanza. Nimeyageuza kichwani miaka yote hii nikitafuta upande ambao hayaumi, sijaupata.

Mwaka ule ule nikaanguka kutoka kwenye mti nikavunjika mguu. Unakumbuka, wewe ndiye uliyekuwa unaniletea uji. Sasa hapo ndipo hesabu inapoanza, nisikilize vizuri.

Mimi na Kasiano tulikuwa na desturi zetu za kurina. Tukifungua mzinga tukaukuta umejaa, hakuna kusema neno chini ya mti ule. Tunashusha masega kimya kimya, tunaondoka, kwa sababu tulishaona kwamba mzinga uliojaa ukiusifia, mwaka unaofuata unapungua. Tukifungua tukakuta mkavu, huo tunauadhibu. Tunaufukiza moshi, tunaushusha, tunaubeba mabegani mpaka mti mwingine, na Kasiano anautukana njia nzima. "Umekula maua ya bure mwaka mzima! Mzinga gani wewe!" Na mwaka unaofuata mzinga uliohamishwa na kutukanwa ulikuwa unajirekebisha, mara nyingi kabisa. Tulikuwa na uhakika na dawa yetu. Ile iliyojaa ilipungua hata tuliponyamaza, lakini Kasiano alikuwa na jibu. Alisema mmoja wetu amesifia moyoni, halafu ananiangalia mimi.

Mwaka wa mguu hatukuhamisha hata mmoja. Mimi nilikuwa kitandani, na Kasiano alikwenda Ikola kumwona binti yake aliyejifungua, akanogewa na dagaa wa ziwani, akakaa huko mpaka mvua. Mizinga mikavu ikabaki ilipokuwa, haikufukizwa, haikutukanwa. Msimu mwingine wa asali ulipofika nikaenda porini na fimbo yangu nachechemea, najua tutakuta hasara. Kasiano akapanda mti wa kwanza na kienge chake cha moshi. Akaufunua mzinga huko juu. Halafu akaita.

"Mwalimu! Huu si ndio ule mkavu?"

"Ndio huo."

"Umejaa!"

Tukaenda wa pili, wa tatu. Karibu mikavu yote ilikuwa imepanda, isipokuwa mmoja wa korongoni, ule ni mbovu kweli, hata leo. Na ile iliyojaa mwaka uliotangulia, karibu yote ilikuwa imeshuka. Jioni Kasiano akakaa chini, akavua kofia. "Nani ameitukana?" akaniuliza.

"Hakuna. Si ulikuwa Ikola?"

"Sasa miaka yote ile tulikuwa tunabeba magogo kwa ajili gani?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshika mti, nikaanza kumfikiria kaka yako.

Maana jambo lenyewe ni rahisi, Skola, likishakufungukia utajishangaa. Kila mzinga una kawaida yake. Juu ya ile kawaida kuna bahati za mwaka. Miyombo ya karibu imechanua vizuri au haikuchanua, mvua imekuja kwa wakati au imechelewa, nyegere amepita hapa au amepita kule. Mzinga ukijaa kupita kiasi, maana yake una kawaida nzuri na juu yake bahati nyingi zimekutana kwake mwaka huo. Mwaka unaofuata kawaida yake ipo, lakini bahati zimekwenda kwingine, kwa hiyo unashuka. Mzinga mkavu nao, mikosi ilikutana kwake, na mwaka unaofuata mikosi imetawanyika, kwa hiyo unapanda. Hausikii matusi wala sifa. Unarudi tu kwenye kawaida yake. Na sisi kwa kuwa tulichagua kuuadhibu siku ulipokuwa chini kabisa, mahali ambapo ulikuwa hauna njia nyingine isipokuwa kupanda, tukajipa sifa ya kuupandisha.

Sikutaka kuamini. Nilitaka niwe na makosa, kwa sababu kama ni kweli, basi Deusi sikumpandisha hata siku moja kwa fimbo, wala sikumshusha kwa kumzungusha na baiskeli. Alikuwa anapanda na kushuka kama watoto wote. Nilichokuwa nampa mimi ni maumivu tu.

Nikaenda kujaribu darasani. Wewe ulikuwepo, darasa la tano, sijui kama unakumbuka ile siku ya vizibo. Niliwaambia kila mtu aje na vizibo vya soda, kila mmoja awe na kumi. Mnavishika kwa viganja viwili, mnavirusha juu, kila kizibo kinachoanguka mdomo juu ni alama. Mlifurahi, mkadhani Mwalimu amepata kichaa cha mguu. Waliopata alama chache nikawasimamisha ukutani nikawakaripia kweli kweli. "Aibu gani hii? Vizibo vimewashinda? Rudini mkarushe kwa bidii!" Waliopata nyingi nikawapongeza mmoja mmoja na darasa likawapigia makofi. Halafu mkarusha tena. Waliokaripiwa wakapanda, karibu wote. Waliosifiwa wakashuka. Kuna kijana mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, umeniponza na makofi yako!" Darasa zima likavunjika mbavu, na mimi nikapata jibu langu.

Lakini kuna kitu kingine nilipata siku ile ambacho sikukitafuta. Wewe ndiye uliyepata alama nyingi kuliko wote mara ya kwanza. Nilikuja mbele ya dawati lako, kwa sababu jaribio lilitaka hivyo, nikasema kwa sauti, "Skolastika, vizuri sana. Umenifurahisha sana leo." Nilikuwa naigiza, mwanangu. Nilikuwa nasifia vizibo. Na uso wako ukawaka namna ambayo sikuwahi kuiona tangu mama yako afariki. Ukaviokota vile vizibo ukavifuta vumbi kimoja kimoja kwa sketi yako kabla ya kurusha tena. Mara ya pili ukapata vichache, watoto wakacheka, na wewe ukaniangalia ukiomba msamaha kwa macho. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu nikalia. Niliona njaa niliyowalea nayo.

Ungedhani tangu siku ile nilibadilika. Hata mimi nilidhani. Nilijiambia kesho nitamwambia mtoto neno zuri, la kweli sasa, si la vizibo. Kesho ikafika, ukaleta maji, ukapika, ukafua shati langu la kufundishia, na mdomo wangu ukakataa. Ulipofaulu darasa la saba nilisema, "Haya, sekondari ni ngumu zaidi." Nilisikia sauti yangu inasema hivyo na nikatamani mama yako awepo jikoni kuniongopea. Kumbe mtu anaweza kuijua hesabu yote na bado mwili wake ukaendelea na jibu la zamani.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kwenda stesheni. Ulikuwa ukiniuliza nakwenda kufanya nini Mpanda kila wiki na mguu mbovu, nikawa nasema nina kazi ofisi ya elimu. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nasubiri treni. Nasimama pale mwisho wa ukuta natazama kila anayeshuka. Siku moja akashuka kijana wa upande wa Sitalike niliyewahi kumfundisha, ana redio, ana mke. Nikamshika mkono.

"Deusi wangu umemwacha wapi?"

"Yupo, Mwalimu. Nilimwacha salama, ila ni zamani kidogo. Anasema akipata atakuja."

"Na akikosa?"

Akanitazama kama vile nimeuliza kitu cha kitoto. "Mwalimu, akikosa atakujaje?"

Nilirudi nyumbani nimekaa juu ya magunia nyuma ya lori, nikayasikia maneno yangu. Usije ukanitia aibu. Na nikaona ile nusu ya hesabu niliyokuwa sijaiona. Tulikuwa tunawaona wenye redio kwa sababu wenye redio ndio pekee wanaoshuka. Aliyekosa hashuki, anaona haya. Kwa hiyo ukisimama stesheni miaka yote utaona kwamba kila anayekwenda anapata, na kila unachokiona ni kweli, na ni uongo mtupu. Kisha sisi wazazi tunawatuma wengine wakajiunge na wale wasioonekana.

Nilikwenda huko machimboni likizo ile niliyokuacha kwa shangazi yako. Sikukueleza nilichokiona. Mashimo mengi yalikuwa yamejaa maji na yameachwa. Vibanda vya nyasi na nailoni. Na walikuwepo, Skola, wale ambao hawakushuka. Vijana wa kwetu, wengine niliwafundisha kusoma. Waliponiona wakaanza kujificha nyuma ya vibanda, wanaume wazima na ndevu, kama tulivyokuwa tukijificha sisi tulipochelewa shule. Mmoja nilimwita kwa jina lake, la ubatizo na la baba yake. Akasema si yeye. Nilimwona mkononi kovu alilolipata uwanjani kwetu nikiwa zamu. Akaendelea kusema si yeye.

Deusi hakuwepo. Walisema amehama na kundi la watu waliofuata dhahabu kwingine, hawakujua wapi. Niliacha ujumbe kwa kila aliyekubali kuniangalia usoni, kwamba baba yake anasema ule mzinga ulikuwa mzuri. Sikuwa na neno jingine. Nimerudi tangu hapo nasubiri. Sijui kama yuko hai. Kuna siku naamka nina hakika, kuna siku naamka nina hakika na kinyume chake, na hakuna wa kumwambia, kwa hiyo nakaa hivyo mpaka wewe unaamka unawasha moto.

Unakwenda kusomea uuguzi, na hapo kuna kitu kimoja kitakufaa. Watu huja hospitali siku waliyozidiwa. Hawaji siku ya nafuu. Wengi wao wangepanda kidogo hata ungewapa maji ya mtungi. Kwa hiyo mgonjwa akipata nafuu, furahi naye, lakini usikimbilie kusema ni wewe. Na akizidiwa mikononi mwako siku moja baada ya kuwa mzima wa kutembea, usikimbilie kusema ni wewe vile vile. Angalia vizuri kwanza. Mimi sikuangalia, nilikuwa na haraka ya kujipa sababu.

Sasa ngoja nijaribu.

Wewe ni mtoto mzuri. Nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika hayo maneno manne na sitayafuta. Ulikuwa mzuri ulipokuwa unaniletea uji na ulikuwa unamwaga nusu njiani. Unapika mchele wetu huu wa Mpimbwe kuliko mama yako, na najua angenikasirikia, lakini ni kweli. Siku yule mama jirani alipopoteza mimba na wanawake wakubwa wakawa wanasema sema, wewe uliingia ndani ukakaa naye hukusema kitu, ukatoka jioni ukaja ukaosha vyombo. Nilikuona. Nilikuwa nakuona siku zote. Ulipopata nafasi hii ya chuo nilikwenda kwa Kasiano nikamwambia, "Skola wangu ameitwa," nikamwambia tena, mpaka akaniambia nimwache alale. Nyumbani kwako wewe nilikuja nikakuuliza tu kama umefunga kuku. Naona fahari juu yako mpaka inaniuma kifuani. Kesho jioni nitarudi hapa, na katika nyumba hii hatabaki hata mtu wa kumgunia, na nitakuwa mpweke sana, na bado naona fahari.

Na hata sasa hivi, hesabu yote nikiwa naijua, naandika haya naogopa. Mkono wangu bado unaamini kwamba nimekuponza, kwamba nimekusifia na sasa utaanguka. Kwa hiyo nikuambie ukweli uliobaki. Utaanguka. Iko siku utafeli mtihani, au utaharibu dawa, au utapenda mtu asiyefaa, au watakurudisha nyumbani na tumbo, au utachoka tu bila sababu. Itakuja kwa kuwa siku nzuri haziwezi kukutana kwa mtu mmoja miaka yote. Ikija, usiseme baba alinisifia mapema. Na usikae huko ukisubiri mpaka upate kitu cha kushuka nacho.

Siku hiyo hiyo, Skola, kabla hujajipanga, kabla hujatafuta la kusema, panda treni uje. Shuka mchana watu wakuone, na wakiuliza huyu amerudi na nini, nitawajibu mimi. Wewe sitakuuliza. Nitakuuliza kama umekula.

Baba yako